Nyumba ya Mdomo Mmoja

Kling. Kling. Kling. Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe mara tatu gizani, kisha kikatulia.

Mama Chiriku hakufumbua macho. Afumbue ya nini? Mlio huo anaujua tangu hajaota meno: ni mama yake yuko jikoni, kakoroga chai ya alfajiri, kakung'uta kijiko, sasa anakilaza kwenye sahani. Bado kitambo kidogo kupambazuke. Akanyoosha mkono upande wa ukutani amvute binti yake, amnuse utosi, waibe pamoja zile dakika kumi za mwisho za usingizi. Mkono ukakutana na ukuta. Ukuta mtupu, wa baridi, laini kuliko wa kwao.

Hapo akakumbuka alipo. Binti yake yuko mbali, safari ya ndege mbili, na anayekoroga huko jikoni ni Fundi, mwenye nyumba, mjane wa makamo anayeshona nguo chumba cha mbele. Kumbe wanawake wanaoamka kabla ya jua hukung'uta kijiko namna moja, hata wasipojuana.

"Leo ni Jumapili," akajiambia kwa sauti ndogo, na alijiambia kwa Kihispania, maana katika nyumba ile hata kujisemesha kulikuwa na sheria yake. Jumapili ilikuwa siku ya simu.

Haya, alifikaje huko? Mama Chiriku alikuwa mpokezi wa hospitali ya wazazi. Ndiye yule aliyekaa nyuma ya kioo chenye tundu, anayekuuliza jina, miezi ya mimba na nani aitwe mambo yakiiva. Kila mwaka hospitalini hapo walikuja madaktari wageni wanaosema Kihispania. Watu wazuri, wana mikono myepesi, ila mdomo wao na masikio ya wazazi vilikuwa havijapata kukutana. Siku moja daktari alimwonyesha mama mwenye uchungu vidole vitano, maana yake bado dakika tano. Mama wa watu akaelewa tumboni mwake mna watoto watano. Yowe alilopiga lilimwamsha hata mlinzi wa getini, ambaye kwa kawaida haamshwi na kitu.

Watu walicheka wiki nzima. Mama Chiriku alicheka siku moja, siku ya pili akaenda kujiandikisha masomo ya jioni. Miaka miwili alisoma, daftari limefichwa kwenye droo chini ya rejista, wazazi wakipungua anachungulia mstari mmoja, wakizidi anafunga. Matroni akamkamata siku moja, na badala ya kumgombeza akavuta kiti.

"Mwanangu," akamwambia, "Kihispania cha ndani ya droo hakimzalishi mtu. Kuna masomo ya likizo ya kiangazi, wiki sita, huko huko kwa wenyewe. Unakaa nyumbani kwa mtu, unakula nao, unafanya kazi nao, lugha inakuingia kama harufu ya sabuni. Ukirudi na cheti, meza ya ukalimani ni yako. Na kazi yake ni ya mchana tu. Jioni uko kitandani na mwanao."

Masharti ya cheti yalikuwa mawili: usikatishe wiki zote sita hata kwa siku moja, na ufaulu mtihani wa mdomo.

Yule mwana mwenyewe alikuwa na miaka mitano na ushee. Aliitwa Chiriku kwa sababu aliamka akisema na kulala akisema, na katikati ya usingizi aliwahi kusikika akimwuliza mtu swali na kumlaumu kwa kutojibu. Baba yake ni dereva wa masafa, leo yuko huku, kesho kule. Kwa hiyo Chiriku akabaki na bibi yake, na mama akapanda ndege akiwa ameacha ahadi moja: "Kila Jumapili nitapiga simu. Utaniambia mambo yote ya wiki."

"Yote yote?"

"Yote yote. Usibakize."

Siku ya kwanza ya masomo mwalimu aligawa karatasi. Mwalimu huyo alikuwa bwana mrefu, miwani yake imening'inizwa kwa uzi shingoni, na aliichukulia karatasi yake kwa uzito mkubwa. Iliandikwa hivi: *Kwa wiki sita, ndani ya nyumba ya mwenyeji wangu, nitasema Kihispania tu, kila saa na kwa kila mtu.* Chini palikuwa na mstari wa saini. Wanafunzi wenzake walisaini kama watu wanaopokea kifurushi. Mama Chiriku aliisoma mara tatu, akaangalia kama nyuma kuna kitu, ndipo akatia saini taratibu, herufi moja baada ya nyingine.

Sasa ujue tabia ya mtu huyu. Miaka minne alikaa nyuma ya kioo akiwaambia wanaume wenye suti zao, "Mume haingii zaidi ya hapa," na hawakuingia. Kwake sheria ilikuwa sheria, haina mlango wa uani.

Katika nyumba ile ya Fundi walipangwa wawili. Mwingine alikuwa mwenzake wa masomo ya jioni, karani wa mahakama, aliyevaa tai hata wakati wa kifungua kinywa. Vyumba vyao vilikuwa juu, na jioni ya pili tu Karani alimvizia Mama Chiriku kwenye ngazi.

"Dada," akanong'ona kwa Kiswahili, "njoo tusengenye kidogo. Mdomo wangu umeshika kutu."

Mama Chiriku akamjibu kwa Kihispania chake cha siku ya pili, ambacho masikioni mwa wenyewe kilisikika hivi: "Hapana wewe. Nyumba hii na mdomo moja tu."

"Hakuna anayesikia!"

"Mimi nasikia mimi."

Karani akacheka mpaka tai ikamkaba. "Wewe dada ungezaliwa mlango, ungejifunga mwenyewe."

Basi Jumapili ile ya kwanza, saa nne kamili, Fundi aliteremsha bati la biskuti kutoka juu ya kabati. Ndimo simu za wageni zilimowekwa wiki nzima. Akaliweka mezani, akaketi pale pale na kushona vifungo vya blauzi, maana sebule na chumba cha kazi vilikuwa kitu kimoja.

Mama Chiriku alikuwa amejiandaa. Usiku wa Ijumaa aliandika kwenye kikaratasi sentensi nne za Kihispania, akazirudia Jumamosi nzima huku akipiga pasi. Utauliza: za Kihispania kwa nani? Ndiyo hapo sasa. Karatasi ya mwalimu ilisema *kila saa na kwa kila mtu*. Haikusema "isipokuwa". Alitazama mara tatu, hata nyuma alitazama.

Simu ikaita mara moja tu ikapokelewa.

"Mama! Mama! Jino langu linatikisika! Na paka kalala kwenye beseni, na bibi kasema nikilivuta nitameza, na mimi sikulivuta, nililigusa tu kwa ulimi, na jana..."

Mama Chiriku akashika kikaratasi kwa mikono miwili, akasoma, kwa Kihispania, kwa matamshi aliyoyatolea jasho:

"Habari ya asubuhi, binti yangu. Umekula? Hapa hakuna mvua. Nakupenda."

Upande wa pili ukawa kimya. Chiriku, kimya! Kisha akaisikia sauti ya mtoto ikienda mbali na simu, haina kilio ndani yake, ina taarifa tu, kama mtu anayeripoti bomba limepasuka:

"Bibi, huyu si mama. Kaichukua simu ya mama."

Kukasikika mkwaruzo, halafu sauti ya bibi. "Haloo? Nani wewe?"

"Mimi ni binti yako," akasema Mama Chiriku, bado kwa Kihispania.

"Kama ni wewe, sema lugha ya watu! Unamtisha mtoto! Mwacha asili ni mtumwa, nilikufundisha nini mimi?"

Fundi aliinua macho kutoka kwenye kifungo. Mama Chiriku akaitazama sindano ya Fundi, akaitazama simu, na hatimaye sheria ikamponyoka. "Mama, ni mimi," akasema kwa Kiswahili. Lakini aliiambia simu iliyokwisha kukatwa.

Jumatatu asubuhi alikwenda kujishtaki. Alisimama mbele ya meza ya mwalimu kabla wenzake hawajafika, akasema kwa Kihispania kilichovunjika mifupa kwamba amevunja sheria, maneno matatu, na anaomba adhabu. Mwalimu akamwuliza ilikuwaje. Alipoelewa, alicheka mpaka miwani ikaanguka ikaning'inia kwenye uzi wake.

"Sheria ile ni ya kuwazuia msipige soga wenyewe kwa wenyewe! Nani alikwambia umsemeshe mtoto wako Kihispania?"

"Karatasi," akasema Mama Chiriku. Akaitoa mkobani, akaweka kidole. "Kila mtu."

Mwalimu akavaa miwani, akasoma karatasi yake mwenyewe. Kicheko kikamkauka. Akachukua kalamu, akaandika pembeni: *isipokuwa watoto na wazee wa nyumbani*. "Miaka tisa naitumia," akasema, "na wewe ndiye mtu wa kwanza kuitii." Akampa ruhusa ya kupiga simu siku hiyo hiyo, akamsogezea simu ya ofisini.

Safari hii bibi alipopokea, alicheka, akagomba, akacheka tena. Lakini alipoita, "Chiriku, njoo, ni mama, anasema vizuri," hakuna aliyekuja.

"Yuko chini ya meza," bibi akasema. "Akiiona simu tu anaingia chini ya meza kama paka aliyeona maji. Na mimi namsikia hapa, mwanangu, anasema wewe ni yule mwanamke."

"Mwanamke gani?"

"Wa jana. Anasema leo umejifunza sauti ya mama yake."

"Mama, mwambie ni mimi!"

"Nimemwambia. Kasema hata mimi umenidanganya."

Ungecheka kama mtoto si wako. Mama Chiriku hakucheka. Alirudi nyumbani kwa Fundi, akavuta sanduku kutoka mvunguni, akakunja gauni mbili, akakaa juu ya kitanda kulitazama. Akiondoka leo, cheti basi, na meza ya ukalimani basi; atarudi nyuma ya kioo, na masomo ya jioni, na mtoto anayelazwa na bibi. Akikaa, zimebaki karibu wiki tano, na kila siku mwanae anazidi kuamini mama yake amemezwa na simu.

Karani alipita mlangoni, akaliona sanduku, na safari hii hakutania. "Rudi, dada. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, najua, lakini mtoto ni mtoto. Cheti ni karatasi tu."

Kutoka chini Fundi akaita. Ilikuwa saa ya kazi. Ndivyo masomo yale yalivyopangwa: asubuhi darasani, alasiri unamsaidia mwenyeji kazi yake kwa saa mbili, unajifunza lugha kwa mikono. Kwa Fundi kazi ilikuwa sketi za sare za shule, rundo zima, na Mama Chiriku alikwisha fundishwa kupiga mshono wa pembeni kwa cherehani. Akashuka, akaketi, akakanyaga. Cherehani ikakimbia, na yeye akili ikakimbilia chini ya meza, nyumbani. Alipoinua sketi aliona ameshona mbele na nyuma pamoja, kiuno kimezibwa chote. Hata mguu wa kuku usingepita.

Aibu ikamshika. Haraka akachukua kipande cha kitambaa, akakipima juu ya kiuno. "Mimi weka hii juu," akasema. "Watu hapana ona."

Fundi akamnyang'anya kitambaa, bila hasira. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, futi ya kupimia ikining'inia shingoni mwake tangu asubuhi mpaka kulala. "Na msichana ataivaa wapi? Kichwani?" Akampa kisu kidogo chenye ncha mbili, moja ndefu, moja fupi yenye kidonge chekundu. "Mshono mbaya huufuniki kwa kiraka. Unaufumua."

"Wote?"

"Wote. Na uanzie ulikoanzia kushona. Ukianzia katikati, unachana nguo."

Mama Chiriku akainama. Tundu la kwanza, uzi ukakatika. La pili. Fundi akakaa mkabala wake na sketi nyingine, na baada ya muda akauliza bila kuinua kichwa, "Nani kakufia?"

"Hapana kufa mtu," akajibu. Halafu akaanza kueleza. Alieleza jino linalotikisika, paka kwenye beseni, kikaratasi cha sentensi nne, bibi na ukali wake. Neno likimpungukia, alionyesha kwa mkono. Fundi akamtajia, akalichukua, akaendelea. Aliposema "huyu si mama" Fundi alishusha sindano. Kufikia mtoto chini ya meza, kiuno chote cha sketi kilikuwa kimefumuliwa, kisafi, vijitundu vidogo tu vimebaki kwenye kitambaa. Fundi alivisugua kwa kucha, navyo vikapotea.

Mama Chiriku aliutazama ule ukucha. Kisha akapanda juu, akatoa gauni mbili ndani ya sanduku, akazitundika, akalisukuma sanduku mvunguni mpaka likagonga ukuta.

"Unakaa?" Karani akauliza kwenye ngazi.

"Nakaa," akamjibu, kwa Kihispania bado. "Mimi nilianza wapi kushona, najua."

Jumapili ya pili alimpigia bibi na kumpa maagizo kama anayempangia zamu. "Mama, weka simu sauti ya juu. Iweke juu ya ile meza. Usimwite. Usimbembeleze. Muache huko huko chini."

"Nikae tu?"

"Ukae tu, na unyamaze."

"Kunyamaza siahidi," bibi akasema, lakini akafanya.

Mama Chiriku akasogeza mdomo karibu na simu. "Chiriku, sikuombi uje. Sikiliza tu. Jumapili iliyopita nilikusemesha vibaya. Nilisema mambo manne kwa lugha ninayojifunza huku, na sikukwambia maana yake. Leo nafumua la kwanza." Akalisema kwa Kihispania, polepole, vilevile kama siku ile. "Umelisikia? Maana yake ni: *Habari ya asubuhi, binti yangu.* Basi. Hilo tu. Jumapili ijayo nafumua la pili. Kwaheri."

"Ndiyo hiyo tu?" bibi akafoka. "Umepiga simu toka mwisho wa dunia kwa salamu moja?"

"Anafanya nini?"

Bibi akainama, kukasikika magoti yakilia. "Amekaa tu. Ameziba sikio." Akachungulia tena. "Moja."

Moja! Mama Chiriku alitembea wiki ile yote na sikio moja la mwanae mfukoni. Darasani alinyoosha mkono hata asipojua jibu. Sokoni aliwauliza wachuuzi maswali yasiyo na haja. Alasiri alishona sketi na kumsimulia Fundi habari za hospitali, na siku aliposimulia kisa cha vidole vitano, mwanamke yule wa maneno machache alicheka mpaka ikabidi ateme pini alizokuwa amezibana midomoni, moja moja, kwenye kifuniko cha kopo.

Jumapili ya tatu akafumua la pili. Kihispania kwanza, kisha: "Maana yake ni: *Umekula?* Nilikuwa nataka kujua kama umekula. Ndilo swali ninalokuuliza kila siku, Chiriku, ukirudi kucheza. Lilikuwa lile lile. Lilivaa nguo nyingine tu."

Usiku ule ule, kabla simu haijarudi kwenye bati, bibi alipiga akanong'ona: "Ametoka chini ya meza kabla sijaondoa simu. Na jioni kamwuliza paka kitu, sijui kamwuliza nini. Si cha kwetu."

Jumapili ya nne akafumua la tatu. "Maana yake ni: *Hapa hakuna mvua.* Hilo sijui nililisema la nini. Lilikuwa kitabuni."

Kling.

Mama Chiriku akashtuka, akageuka kumtazama Fundi akidhani ndiye, kumbe Fundi alikuwa ameshika mkasi. Mlio ulitoka ndani ya simu.

"Mama, nini hicho?"

"Kagonga kikombe," bibi akasema. "Mara moja, kwa kijiko. Na sasa ananitazama kana kwamba ni mimi."

"Muache. Usiseme kitu."

"Nimesema kitu mimi?"

Jumapili ya tano alifumua la mwisho. Hakuhitaji kikaratasi. Alilisema kwa Kihispania, na kwa mara ya kwanza halikumtoka kama kitu cha kukariri, lilitoka lenyewe. "Maana yake ni: *Nakupenda.* Sasa mshono wote umeisha. Zimebaki siku sita. Jumamosi nitakuwa nyumbani."

Kisha: kling, kling, kling. Mara tatu, kwa utaratibu, kama mtu aliyekoroga chai akaridhika nayo.

Kwa neno halisi, bado. Tangu Jumapili ya kwanza Chiriku hakuwa amemwambia mama yake hata "a". Lakini Mama Chiriku hakubabaika tena. Mtoto anayehesabu mapigo ya kijiko anajua anamgongea nani.

Ijumaa ukaja mtihani wa mdomo. Uliendeshwa chumba kidogo chenye viti vitatu, na mtahini alikuwa mwanamke mmoja mwenye mvi asiyemjua mtu yeyote darasani. Ndiyo sababu aliletwa. Swali lilikuwa moja kwa wote: "Nisimulie jambo, dakika kumi." Karani alitangulia. Wenzake waliokuwa wakisikiliza mlangoni walisema alisimulia matembezi ya pwani. Dakika ya tatu aliiona bahari. Dakika ya nne aliiona tena. Dakika ya sita, kwa kukosa la kuongeza, alieleza rangi ya tai yake. Alifaulu, lakini kwa ncha ya ukucha.

Mama Chiriku aliingia, akaketi, akaweka mikono magotini. Alianza hivi: "Mimi ni mtu anayetii karatasi." Akaendelea na jino, na paka, na sentensi nne. Hakutafuta maneno, alikwisha kuyatafuta kwa Fundi, neno moja kwa tundu moja, juu ya kiuno cha sketi. Dakika kumi zikapita. Mtahini alikuwa na saa mezani, akaigeuza kifudifudi.

"Na mtoto?" akauliza mwishoni. "Amesema?"

"Bado," Mama Chiriku akajibu. "Jumapili atasema."

"Una hakika gani?"

"Namjua mwanangu. Hajawahi kuweka jambo moyoni zaidi ya wiki sita."

Mtahini akaandika kitu, akatia saini, akamgeuzia karatasi aione: *Amefaulu.* Mama Chiriku aliisoma mara tatu. Hata nyuma alitazama.

Jumamosi asubuhi Fundi alimsindikiza mpaka mlangoni, futi shingoni. Hakuwa mtu wa kukumbatia. Alimtia kitu mkononi, akamfunga vidole juu yake: kile kisu kidogo cha kufumulia, chenye kidonge chekundu. "Kesho utashona vibaya tena," akasema. "Kila mtu hushona vibaya."

Ndege ya pili ilichelewa, na Mama Chiriku alifika nyumbani nyumba imelala. Bibi alimfungulia mlango, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili, akamtazama kama anayekagua noti, kisha akanong'ona, "Alikusubiri mpaka shingo ikamlegea. Usimwamshe." Mama Chiriku akavua viatu, akajilaza pembeni, mtoto upande wa ukutani, akamnusa utosi. Ulinukia jua na sabuni. Akalala kama jiwe lililotupwa kisimani.

Kling. Kling. Kling.

Giza lilikuwa bado. Akanyoosha mkono upande wa ukutani. Hakukuwa na mtu, ila shuka lilikuwa na joto. Akafumbua macho.

Jikoni taa ilikuwa inawaka. Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, mikono imefungwa kifuani, midomo imebanwa kwa nguvu, mwanamke anayefanya kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya: kunyamaza. Na juu ya kigoda, mbele ya meza ile ile, alisimama Chiriku kwa gauni la kulalia, kijiko mkononi. Pale palipokuwa na jino pamebaki pengo. Chai ilikuwa imemwagika nusu kwenye sahani. Kando ya kikombe palikuwa na kipande cha mkate kilichokatwa na mtu asiyeruhusiwa kushika kisu.

Mama Chiriku akasimama mlangoni. Hakumkimbilia, hakumwita.

Mtoto alimtazama kuanzia miguuni, akapanda polepole mpaka usoni, kama anayehakikisha hakuna kipande kilichobadilishwa. Akalaza kijiko kwenye sahani. Akakisukuma kikombe kuelekea kwa mama yake, kwa vidole viwili, mpaka ukingoni mwa meza. Kisha akainua kidevu, akasema kwa sauti, kwa Kihispania kilichonyooka kama uzi:

"Mama, umekula?"